Mafunzo ya Chenga

Chenga ni tendo dogo katika mchezo mkubwa. Mtu mmoja ana mpira mguuni. Mtu wa pili amesimama mbele yake kumzuia. Wa kwanza huonyesha kwamba aenda upande huu, akaenda upande ule. Wa pili husalia nyuma, ameegemea mahali ambapo hapana kitu. Tendo hili huanza na kwisha kabla mtazamaji hajamaliza kuvuta pumzi, lakini ndani yake mna macho, miguu, hesabu, hila na ushujaa. Asiyeujua mpira huona mguu uliochezacheza. Aujuaye huona nia mbili zilizokutana njiani, moja ikaipisha nyingine.

Kiswahili kimelipa tendo hili heshima ya maneno mengi. Kuchenga ni kukwepa. Na mtu aweza kuchenga deni, kazi au swali, kama mchezaji awezavyo kumchenga mlinzi. Apitishaye mpira katikati ya miguu ya mwenzake husemwa amempiga tobo. Aupandishaye juu ya kichwa cha mwenzake na kuupokea nyuma yake husemwa amempiga kanzu. Aurushaye kwa mguu mara nyingi bila ya kuuacha uguse chini hucheza danadana. Mtendwa naye husemwa amekula chenga, kana kwamba ni chakula alichoandaliwa. Maneno haya yana harufu ya vichochoro na viwanja vya mchanga, ambako watoto hucheza chandimu kwa mpira wa matambara au makaratasi yaliyofungwa kwa kamba. Lugha haina desturi ya kukipa majina mengi kitu ambacho wenyewe hawakijali. Kwa hiyo wingi wa majina haya waonyesha kwamba chenga ilipendwa kabla haijafundishwa.

Swali liwahusulo walimu wa watoto ni hili: je, kitu kilichopendwa kabla ya kufundishwa chaweza kufundishwa? Na kama chaweza, ni sehemu gani yake iliyo mikononi mwa mwalimu, na ni sehemu gani isiyokuwa yake?

Wako wasemao kuwa chenga ni kipaji, na kipaji hakina mwalimu. Hao hutoa mfano wa Manuel Francisco dos Santos, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Garrincha. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Pau Grande, nchini Brazil. Miguu yake ilikuwa imepinda, hata mtu aliyemwona mara ya kwanza asingalidhani kuwa miguu hiyo yaweza kumpita yeyote. Walakini alikuwa winga wa kulia wa timu iliyotwaa Kombe la Dunia nchini Sweden mwaka 1958, na tena nchini Chile mwaka 1962. Hakulelewa katika chuo cha mpira, wala hakuwa na chenga nyingi. Aghalabu alimkabili mlinzi, akainama upande wa kushoto, kisha akampita kwa upande wa kulia. Siku iliyofuata alifanya vile vile. Walinzi walijua atakwenda wapi. Hawakujua atakwenda lini.

Wa pili atajwaye ni Stanley Matthews wa Uingereza, aliyezaliwa Stoke-on-Trent mwaka 1915. Huyu naye alikuwa winga wa kulia, na chenga yake kubwa ilikuwa moja. Alimwendea mlinzi polepole, akauegemeza mwili wake upande wa ndani, kisha akausukuma mpira kwa upande wa nje wa mguu wa kulia na kuondoka kwa kasi. Tarehe 2 Mei 1953, akiwa na umri wa miaka 38, alicheza fainali ya Kombe la FA katika uwanja wa Wembley. Timu yake ya Blackpool ilikuwa nyuma kwa mabao 3 kwa 1 dhidi ya Bolton Wanderers. Ikarudi na kushinda kwa 4 kwa 3, na bao la mwisho lilifungwa kwa mpira aliouleta yeye kutoka pembeni. Mwaka 1956 alikuwa mtu wa kwanza kupewa zawadi ya mchezaji bora wa Ulaya, na mchezo wake wa mwisho wa ligi aliucheza mwaka 1965, baada ya kutimiza miaka 50.

Lakini mifano hii miwili, ikitazamwa vema, haisemi yote yanayodhaniwa. Baba yake Matthews alikuwa kinyozi na bondia, na alimzoesha mwanawe mazoezi ya viungo tangu utotoni. Chenga iliyoonekana kama zawadi ya mbingu ilisimama juu ya mwili uliotunzwa kwa miaka mingi. Garrincha naye, ijapokuwa hakuwa na chuo, alikuwa na miaka ya utoto iliyojaa mpira na wenzake wa kuchezea. Kipaji ni mbegu, na hapana mbegu iliyoota hewani.

Upande wa pili wa shauri hili walisimama watu waliodai kuwa chenga hufundishika kama hati ya mkono. Mashuhuri miongoni mwao ni Wiel Coerver, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2011. Alikuwa mwalimu wa Feyenoord ya Rotterdam ilipotwaa ubingwa wa Uholanzi na Kombe la UEFA mwaka 1974. Mtu mwenye ushindi kama huo angaliweza kuridhika na sifa. Yeye alikwenda kwenye filamu za wachezaji stadi, akazitazama tena na tena, akaikata kila chenga vipande vipande kama fundi afumuaye vazi ili ajue lilivyoshonwa. Akisha kuvijua vipande, alivipanga kuwa masomo: kwanza mtoto auzoee mpira peke yake kwa kuugusa mara nyingi, kisha ajifunze chenga moja moja, kisha azijaribu mbele ya mpinzani, mwisho azitumie katika mchezo wenyewe. Njia yake ilienea katika nchi nyingi, na mpaka leo watoto huifuata bila ya kumjua aliyeianzisha.

Kwamba chenga yaweza kutoka kwa mtu mmoja na kuwa mali ya wengi, mwaka huo huo wa 1974 ulitoa ushahidi. Tarehe 19 Juni, mjini Dortmund, katika mchezo wa Kombe la Dunia baina ya Uholanzi na Sweden, Johan Cruyff alimkabili mlinzi Jan Olsson karibu na mstari wa pembeni. Aliuinua mguu kana kwamba ataupiga mpira kuelekea golini; badala yake akauvuta kwa upande wa ndani wa mguu, ukapita nyuma ya mguu wake mwingine, naye akageuka na kuondoka. Mchezo huo ulikwisha bila ya bao. Matokeo yake wachache huyakumbuka; chenga ile hufundishwa kwa watoto ambao hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa siku hiyo.

Kwa hiyo wote wawili, asemaye kipaji na asemaye mafunzo, wana sehemu ya haki. Ili kuijua mipaka ya sehemu hizo, hapana budi kutazama jinsi chenga ifanyavyo kazi.

Mlinzi hashindwi na mguu wa mpinzani. Hushindwa na uzito wa mwili wake mwenyewe. Mtu aliyesimama hawezi kwenda kulia bila ya kuisukuma ardhi kwa mguu wa kushoto, wala hawezi kwenda kushoto bila ya kuisukuma kwa mguu wa kulia. Akisha kuegemea upande mmoja yataka muda kuurudisha mwili upande wa pili. Muda huo ni mfupi sana, lakini ndio mtaji wote wa mpiga chenga. Kazi yake ni kumfanya mlinzi aegemee, kisha kuondoka kabla hajarudi. Katika jambo hili hufanana na nahodha apigaye bisho: upepo umemkabili usoni, naye akijua kuwa hawezi kuushinda kwa nguvu, hulipeleka tanga huku na huku, na kwa kwenda kando hufika mbele.

Mambo ambayo mwalimu aweza kuyafundisha katika kazi hii ni matano. La kwanza ni mguso. Mpira sharti ukae karibu na mguu, uguswe kidogo kidogo kwa ndani, kwa nje na kwa wayo, na kwa miguu yote miwili. Maana mwenye mguu mmoja ana njia moja, na mlinzi huifunga mapema. La pili ni macho. Mtoto autazamaye mpira tu hamwoni ampitaye. Ni lazima miguu izoee kuujua mpira bila ya kuangaliwa, kama vidole vya msusi vijuavyo ukili. La tatu ni umbali. Aanzaye chenga akiwa mbali humpa mlinzi nafasi ya kujirudi. Aanzaye akiwa karibu mno huukuta mpira umekwisha kuchukuliwa. La nne ni ishara ya mwili: bega, kiuno na hatua viseme jambo moja kwa pamoja. Walinzi hufundishwa kuutazama mpira na kuyapuuza mabega. Kwa hiyo ishara isiyoaminiwa na mwenye kuifanya haitaaminiwa na wa mbele yake. La tano ni kasi. Watoto wengi hufanya ishara nzuri, mlinzi akayumba, nao wakabaki pale pale wakiustaajabia uhodari wao hata mlinzi akarudi mahali pake. Chenga haimaliziki mlinzi ayumbapo. Humalizika mpiga chenga aondokapo.

Mambo haya matano hayafundishiki kwa hotuba. Uwanja ulio na watoto ishirini, mpira mmoja na foleni ndefu si darasa la chenga. Ni darasa la kungoja. Mwalimu mwema hujitahidi kila mtoto awe na mpira wake, hata ukiwa wa matambara. Kisha huwagawa wawili wawili katika viwanja vidogo vyenye malango mawili yaliyo mbalimbali, ili ashambuliaye awe na mahali pawili pa kwenda na azuiaye asiweze kupafunga pote. Kisha huwachezesha watatu kwa watatu, au wanne kwa wanne, ambako kila mmoja huugusa mpira mara nyingi na hapana pa kujificha.

Faida ya uwanja mdogo si jambo jipya. Mwaka 1930, huko Montevideo, Juan Carlos Ceriani alianzisha mpira wa ndani ya ukumbi, ambao leo huitwa futsal. Huchezwa na watu watano kwa watano, kwa mpira mdogo usioruka sana. Wabrazili waliupokea kwa mikono miwili; na Pelé, Zico na Ronaldinho ni baadhi ya waliouchezea utotoni. Mtu akiutazama mpira wa matambara wa watoto wa Tanzania na Kenya ataona ndugu yake: nao hauruki sana, nao hudai mguso mwororo, nao huchezwa mahali padogo penye miguu mingi. Hii si sifa ya umaskini, kwa maana hapana mtoto achaguaye matambara akiwa na mpira wa kweli. Ni ukumbusho tu kwa mwalimu kwamba baadhi ya wanafunzi wake wamekwisha kuanza shule kabla yake, na kwamba asiifute kwa haraka kazi iliyofanywa na kichochoro.

Katika mazoezi ya wawili wawili mna jambo ambalo husahauliwa. Mwalimu anapomfundisha mtoto mmoja kupita, anamfundisha mwingine kuzuia. Asiyekuwa na mpira si kigingi kilichochomekwa mchangani. Naye ni mwanafunzi, naye ana moyo. Mwalimu amfanyaye mtoto mmoja kuwa mlinzi kila siku, kwa sababu mguu wake ni mzito, humfundisha mtoto huyo kwamba kazi yake duniani ni kupitwa. Zamu zibadilike. Aliyepiga chenga asimame apigwe. Aliyekula chenga apewe mpira. Hapo mpiga chenga hujifunza siri kubwa kuliko zote, nayo ni namna mlinzi ajisikiavyo. Ajuaye kwa mwili wake mwenyewe wakati ambapo mtu huegemea, hatauliza ni lini apite.

Mpaka hapa mwalimu ana mengi ya kutoa. Lakini yote hayo ni mafunzo ya miguu. Lililobaki ni wakati: kujua kwamba sasa, katika nukta hii, mbele ya mtu huyu, njia imefunguka. Hapo ndipo Garrincha na Matthews walipokuwa matajiri kwa chenga moja, na wengi ni maskini kwa chenga ishirini. Wakati haufundishwi kwa kuonyeshwa. Mtoto huujua kwa kujaribu mapema mno, akanyang'anywa. Kwa kujaribu akiwa amechelewa, akanyang'anywa. Kisha siku moja kwa kujaribu baina ya makosa hayo mawili. Bei ya elimu hii ni mipira iliyopotea, na bei hiyo haina punguzo.

Hapa ndipo penye shida ya kweli, na shida hii si ya miguu ya mtoto. Ni ya subira ya watu wazima.

Mtu na amfikirie mtoto wa miaka 12, winga, katika mchezo wa Jumamosi asubuhi. Timu ziko sare na dakika zimebaki chache. Mpira unamfikia karibu na mstari wa pembeni. Mbele yake yuko mlinzi mmoja, na nyuma ya mlinzi huyo pako peupe. Mtoto anajaribu chenga aliyofundishwa Jumanne. Mguu wa mlinzi unaukuta mpira. Wapinzani wanaondoka nao, na kabla mtoto hajageuka vizuri, bao limefungwa. Ukingoni mwa uwanja mna baba, mjomba, jirani na watu waliopita njia wakasimama. Wote wana shauri moja. "Mtoe huyo! Anacheza peke yake!" Mwingine anapaza sauti: "Wewe, toa mpira! Toa mpira!"

Macho ya mtoto hayaendi kwa wapiga kelele. Huenda kwa mwalimu. Katika muda huo mwalimu yuko kwenye mtihani mgumu kuliko wowote atakaompa mwanafunzi wake. Aweza kumtoa, na watu wataridhika. Aweza kumkemea, na watu wataridhika zaidi. Naye ana sababu, maana ushindi ndio utakaomletea sifa na labda ajira, na hapana mzazi aulizaye mwisho wa mchezo ni chenga ngapi zilizojaribiwa.

Mtoto akitolewa, hatauacha mpira. Atajifunza jambo dogo zaidi na baya zaidi: kwamba salama iko katika kuutoa upesi. Mchezo ujao mpira utamfikia mahali pale pale, mbele ya mlinzi mmoja, na pako peupe nyuma yake. Naye ataurudisha nyuma kabla hajatazama. Hapana atakayempigia kelele. Wengine watasema kuwa sasa amekua, ana akili. Miaka itapita, naye atakuwa mchezaji asiyekosea na asiyehitajika. Kisha watu wale wale waliokuwa ukingoni watakaa barazani na kulalamika kuwa siku hizi hapana mawinga.

Mwalimu mwingine humwacha uwanjani. Wakati wa mapumziko humwita kando, si mbele ya wenzake, akamwuliza: "Beki alikuwa ameegemea wapi?"

"Sikumtazama, mwalimu."

"Basi mara nyingine mtazame. Ukimwona ameegemea, nenda."

Maneno hayo ni machache, lakini mna ndani yake mambo matatu. Kosa limetajwa kwa jina lake: si kwamba mtoto alijaribu, bali kwamba hakutazama. Dawa imetolewa. Na kubwa kuliko yote, yamesemwa maneno "mara nyingine". Yaani mara nyingine ipo. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi mdogo hawezi kuuamini msemo huo mpaka amwone mhunzi mkubwa akimpa koleo la pili.

Hii si kusema kuwa mtoto aachwe afanye apendavyo kila mahali. Mpira uliopotea mbele ya goli la kwao ni deni ambalo timu nzima hulilipa. Uliopotea katikati ya uwanja hulipika kwa jasho. Uliopotea karibu na goli la wapinzani ni gharama ya biashara. Mwalimu amwonyeshe mtoto mipaka hiyo mapema na kwa utulivu. Amwonyeshe pia kwamba mlinzi mmoja si sawa na walinzi watatu, na kwamba mwenzake aliye peupe ana haki ya kuuona mpira. Chenga isiyojua pasi ni uchoyo. Lakini pasi iliyotolewa kwa hofu haina utu zaidi ya uchoyo huo: mwenye kuitoa hakumpa mwenzake mpira, amempa woga wake.

Wapendao kusema "toa mpira" hudhani kuwa pasi ndiyo sheria ya kale na chenga ni utovu wa adabu uliokuja baadaye. Historia yasema kinyume. Chama cha Mpira cha Uingereza kilipoundwa mwaka 1863, sheria yake ya kuotea ilimzuia mchezaji aliyekuwa mbele ya mpira kushiriki mchezo. Kwa hiyo njia kubwa ya kwenda mbele ilikuwa ni kuuchukua mpira mguuni na kuwapita watu, wenzake wakimfuata nyuma. Mwaka 1866 sheria hiyo ililegezwa. Tarehe 30 Novemba 1872, mjini Glasgow, Uskoti na Uingereza zilicheza mchezo wa kwanza wa mataifa, ukaisha bila ya bao. Na katika miaka hiyo Waskoti walisifiwa kwa kupeana pasi, Waingereza kwa chenga. Baina ya ndugu hawa wawili, chenga ndiye mkubwa. Pasi alizaliwa baadaye, akaleta hekima nyingi nyumbani, lakini hakuja kumfukuza kaka yake.

Pingamizi jingine ni la maadili, nalo lastahili kujibiwa kwa heshima. Wako wazazi wasemao kwamba chenga ni udanganyifu, na kwamba haifai kumfundisha mtoto kuonyesha huku akaenda kule. Jibu limo katika hadithi walizosimuliwa wazazi hao wenyewe. Sungura humshinda fisi kwa hila, na watoto wa vizazi vingi walicheka bila ya kuharibika, kwa sababu walijua kuwa mdogo aliyekabiliwa na mkubwa hana silaha nyingine ila akili. Udanganyifu ulio dhambi huvunja ahadi. Mchuuzi apunjaye mizani huvunja ahadi kwa mnunuzi aliyemwamini. Baina ya mshambulizi na mlinzi hapana ahadi iliyovunjwa: mlinzi ajua kuwa atadanganywa, yuko macho, na kesho atakuwa yeye mdanganyaji. Lakini mchezaji ajiangushaye bila ya kuguswa, ili refa ampe adhabu mwenzake, huvunja ahadi, maana refa yupo kwa kuaminiwa. Vile vile ampitaye mwenzake, kisha akarudi ampite tena ili watu wacheke, ameacha kutafuta goli na kuanza kutafuta aibu ya mtu. Mwalimu aruhusuye chenga ayakataze mambo haya mawili kwa nguvu ile ile.

Thamani ya mafunzo haya huonekana zaidi mahali ambapo njia za watoto zimefungwa na mambo yasiyokuwa mpira. Mwaka 1975 Stanley Matthews, aliyekuwa amekwisha kutimiza miaka 60, alikuwa Soweto, mji waliotengewa Waafrika karibu na Johannesburg. Alikuwa amezuru nchi nyingi za Afrika kufundisha mpira, na huko Soweto aliunda timu ya vijana wa shule iliyojulikana kama Stan's Men. Vijana hao alisafiri nao mpaka Brazil. Yafaa kukumbuka ni vijana wa nchi ya namna gani. Wazazi wao walilazimishwa na sheria kuchukua kitabu cha pasi, ndugu wa kile kipande ambacho Waafrika wa Kenya walikivaa shingoni zama za ukoloni. Na sheria hizo hazikufutwa mpaka mwaka 1986. Polisi aliweza kumsimamisha mtu njiani na kumwuliza kwa nini yupo hapo. Mwaka mmoja baada ya safari, tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kusomeshwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi.

Mpira haukuwafungulia vijana wale milango ya nchi yao. Hauna nguvu hiyo, na asemaye unayo huwapunja walioifungua milango hiyo kwa damu. Lakini si jambo dogo kwamba katika nchi iliyowaambia kila siku mahali pasipopitika, alikuwako mzee aliyewachukua uwanjani, akawafundisha kumtazama amzuiaye, kumsoma mwili wake, na kuamini kuwa kando yake ipo njia.

Kwa watoto wa leo, wenye uhuru ambao wale hawakuwa nao, kizuizi kimekuwa karibu zaidi. Ni sauti itokayo ukingoni, na mara nyingi ni sauti ya wapenzi wao. Dalili kwamba chenga haijafa zipo: tarehe 9 Julai 2024, katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Ufaransa, Lamine Yamal wa Hispania, akiwa na miaka 16, aliuhamisha mpira kwenda ndani mbele ya mlinzi na kufunga bao kutoka mbali. Ulimwengu ulishangilia, na ulikuwa na haki. Lakini nyuma ya mtoto afanikiwaye mbele ya ulimwengu ipo mipira mingi iliyopotea mbele ya watu wachache, na yupo aliyekubali ipotee.

Mwalimu wa chenga, basi, hapimwi kwa wingi wa chenga azijuazo, wala kwa vikombe vilivyo kabatini mwake. Apimwe siku ya mchezo, mtoto wake aliponyang'anywa mpira na bao likafungwa, na mpira ukawekwa tena katikati. Mtoto akiupokea kwa mara ya pili karibu na mstari wa pembeni, mbele yake akiwa mlinzi yule yule, kichwa chake kiko juu au kiko chini? Kikiwa juu, mwalimu huyo amefundisha.